Mtindi Si Daktari: Kung'oa Gego Kabla ya Harusi



Wapenzi wasomaji, Mfunguo Mosi ukishaandama kisiwa chetu huwa hakilali. Kila mtaa una turubai, kila nyumba ina kadi mezani, na kila mwari ana orodha yake: singo, hina, piko, nguo ya nikaha, nguo ya kupambwa. Siku hizi orodha hiyo imeongezeka vitu viwili. Cha kwanza ni kwenda kwa daktari wa meno kabla ya harusi, na hilo ni jambo jema kabisa. Cha pili ni kopo la probiotiki kutoka duka la dawa, ambalo bi harusi anaambiwa alitumie akishang'olewa gego ili jeraha lifunge upesi.

Tunaulizwa sana kuhusu kopo hilo, na leo tunasema tunavyoliona. Probiotiki ina kazi yake, lakini si kazi hiyo anayouziwa bi harusi. Kinachomponya mwari aliyeng'olewa jino ni bonge la damu lililotulia kwenye shimo lake, siku za kutosha kabla ya harusi, na watu wa nyumbani wanaomwacha apumzike. Mambo hayo matatu hayauzwi dukani, na ndiyo tunayomnyima.

Kwa nini gego, na kwa nini sasa

Magego ya mwisho huota baina ya umri wa miaka 17 na 25 kwa wengi wetu. Huo ndio umri wa posa na nikaha. Mara nyingi taya halina nafasi, gego linalala kwa ubavu au linatoka nusu, ufizi unalifunika, chakula kinaingia chini yake, na uvimbe unaanza. Daktari akiona hivyo, anaweza kushauri liondolewe. Wakati mwingine linahitaji upasuaji mdogo: ufizi unakatwa, mfupa kidogo unapunguzwa, jino linatolewa, kisha nyuzi zinashonwa.

Hayo si mambo ya wiki ya mwisho. Uvimbe wa shavu baada ya upasuaji wa gego kwa kawaida hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, si siku ile ile. Taya huweza kukaza, ukashindwa kufungua kinywa vizuri kwa wiki moja au mbili. Shavu huweza kupata weusi unaogeuka kuwa manjano kabla ya kupotea. Ufizi wenyewe huchukua wiki tatu hadi nne kufunika shimo, na mfupa chini yake huendelea kujijenga kwa miezi. Hakuna kidonge, cha bakteria au cha kitu kingine, kinachojulikana kuzipunguza siku hizo zikawa tatu.

Probiotiki ni nini hasa

Mwaka 2001 wataalamu walioitishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo walikubaliana kuwa probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, vinampa mtumiaji faida ya kiafya. Yashike maneno mawili hapo: "hai" na "kiasi cha kutosha". Kopo lililokaa dirishani kwenye jua la Darajani, au lililotakiwa kukaa kwenye friji ambayo umeme wake unakatika kila mara, linaweza kuwa limebaki na vumbi la vijidudu waliokufa.

Kuna jambo ambalo probiotiki imeonekana kusaidia kwa ushahidi wa kuridhisha, nalo ni kupunguza uwezekano wa kuharisha kunakoletwa na dawa za antibiotiki. Antibiotiki haichagui. Inaua vijidudu wabaya wa kwenye jeraha na inaua pia wazuri wa tumboni, na tumbo likivurugika mtu anaharisha. Hapo baadhi ya aina za probiotiki husaidia baadhi ya watu. Hata hivyo zinatofautiana. Aina moja ya bakteria haifanyi kazi ya nyengine, na kopo lisilotaja aina kamili wala idadi yake halikuambii kitu.

Ama kuponesha shimo la jino, zipo tafiti chache, ndogo, za vidonge vya kumumunya vyenye bakteria. Hazijatosha kumfanya mtu mwaminifu amwambie bi harusi, "Tumia hii, jeraha litafunga." Na wale wanaosema probiotiki humrudishia kila mtu tumbo lake haraka baada ya antibiotiki, wajue kuwa mwaka 2018 jarida la kisayansi la Cell lilichapisha utafiti uliofanywa kwa kikundi kidogo cha watu wazima wenye afya. Waliotumia probiotiki baada ya antibiotiki walichelewa zaidi kurudi kwenye vijidudu vyao vya asili kuliko wale walioachwa bila kitu. Ni utafiti mdogo, hatuufanyi kuwa hukumu. Lakini unatosha kumfanya mtu asiite probiotiki "haina madhara, tumia tu".

Swali la kwanza ni la antibiotiki

Hapa ndipo tunapoona mambo yanaanza kwenda kombo. Bi harusi anakwenda kununua probiotiki ya kurekebisha madhara ya antibiotiki, na hakuna aliyeuliza kama antibiotiki yenyewe ilihitajika.

Taasisi ya Cochrane, inayokusanya na kupima tafiti za tiba, ilipitia suala hili na kutoa marejeo mapya mwaka 2021. Ilionekana kuwa antibiotiki hupunguza maambukizi baada ya kung'oa magego, lakini watu wapatao 19 wenye afya njema hulazimika kuzitumia ili mmoja tu aepushwe na maambukizi. Wale 18 wengine wamezimeza bila kufaidika na hilo, na kila mmoja wao yuko kwenye uwezekano wa kuharisha, vipele au fangasi. Kuna watu wanaozihitaji kweli: mwenye usaha, mwenye homa, mwenye kinga dhaifu, mwenye matatizo fulani ya moyo, au aliyefanyiwa upasuaji mgumu. Daktari ndiye anayejua. Haki yako ni kumuuliza kwa adabu, "Daktari, kwa hali yangu mimi, dawa hii ni ya lazima?" Akisema ndiyo, maliza dozi kama alivyokuandikia. Akisema si lazima, mshukuru Mungu na uondoke bila hiyo.

Tusichokubali ni ule mtindo wa kununua amoksilini dukani bila cheti, "kwa sababu harusi iko karibu". Harusi haigeuzi jeraha safi kuwa jeraha lenye maambukizi. Na antibiotiki inayotumiwa ovyo leo ndiyo inayokataa kufanya kazi siku mtoto wako atakapoumwa kweli.

Yale tunayoyaonea haya

Tunaomba radhi kwa wenye staha, lakini jambo hili likifichwa wanaumia wanawake. Baada ya antibiotiki, wanawake wengi hupata fangasi sehemu za siri: muwasho, uchafu mweupe mzito, maumivu. Sasa mchukue mwari ambaye ameng'olewa gego Jumatatu, ameanza dawa siku hiyo hiyo, na harusi ni wiki inayofuata. Fangasi inamfikia kwenye fungate. Hajui ni nini. Bwana harusi naye hajui. Wapo wanaodhani ni ugonjwa aliokuja nao, na neno moja la shaka usiku ule linaweza kukaa ndani ya ndoa miaka. Kumbe ni dawa ya jino.

Wengi wanaambiwa wajikinge na fangasi hiyo kwa probiotiki. Hilo lilipimwa. Mwaka 2004 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti wa Australia uliowahusisha wanawake zaidi ya 200 waliokuwa wakitumia antibiotiki. Wengine walipewa bakteria wa laktobasila wa kumeza au wa kuweka ukeni, wengine walipewa kitu kisicho na dawa. Fangasi haikuzuiliwa. Basi, dada yetu, usijiwekee mtindi huko kwa sababu somo au jirani amekwambia. Ukipata dalili hizo, nenda kituo cha afya. Fangasi ina dawa yake, ni ya muda mfupi, na si aibu. Na mwambie mumeo mapema kwa maneno mepesi: "Nilitumia dawa ya jino, imeniletea hivi." Mume mwema atakusubiri.

La pili ni vidonge vya majira. Bi harusi wengi huanza kuvitumia mwezi mmoja au miwili kabla, ama ili hedhi isiangukie siku ya harusi, ama ili mimba isije mapema. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni huongeza uwezekano wa kile madaktari wanachokiita shimo kavu. Bonge la damu linalofunika mfupa linayeyuka au linang'oka kabla ya wakati, mfupa unabaki wazi, na maumivu makali yanaanza siku ya pili hadi ya nne, yakipanda mpaka sikioni, na kinywa kinanuka. Shimo kavu huwapata zaidi waliong'olewa magego ya chini, wavutaji wa sigara, na wanaotumia vidonge hivyo.

Daktari wa meno anahitaji kulijua hilo. Sasa mwari atalisema vipi mbele ya mama, shangazi na mke wa kaka walioingia naye chumbani? Hajaolewa, atasemaje anameza majira? Anakaa kimya. Hapa tunasema na nyinyi mama zetu: mpelekeni, mlipieni, msubirini nje. Na tunawaomba madaktari wawaulize binti zetu wakiwa peke yao, kwa sauti ya chini, kama jambo la kawaida. Swali hilo moja lina faida kubwa kuliko kopo zima la probiotiki.

Udhu, swala na saumu

Wengi wanavunja masharti ya daktari kwa kudhani dini inawalazimisha. Daktari atakwambia usisukutue kwa nguvu saa 24 za mwanzo, kwa sababu maji yanang'oa lile bonge la damu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu hapa visiwani tunayafuata, kusukutua kwenye udhu ni sunna. Si miongoni mwa nguzo sita za udhu. Unaweza kukuacha siku hiyo na udhu wako ukawa sahihi. Kwenye josho pia, kwa madhehebu hayo hayo, ni sunna. Na damu inayotoka kinywani haitengui udhu kwa Shafi.

Mswaki tunaupenda, na Mtume wetu, rehma na amani zimfikie, aliusisitiza. Piga mswaki meno mengine kwa upole, liache shimo na ufizi wake kwa siku alizokwambia daktari. Ukiona kichwa kinagonga au damu inaanza tena kwenye sijda, muulize mwalimu wako namna ya kuswali kwa udhuru wako. Dini ina nafasi kwa mgonjwa.

Na kama unafunga sita ya Mfunguo Mosi, saumu ya sunna inaweza kusogezwa mbele ndani ya mwezi. Usiende kung'oa jino ukiwa umefunga, ukashinda unapambana na damu, kiu na dawa za maumivu.

Jambo jengine la dini linahusu kopo lenyewe. Vidonge vingi vya probiotiki vimefungwa ndani ya maganda ya jelatini, na jelatini inaweza kuwa ya nguruwe. Kama daktari amekushauri utumie, soma kopo, tafuta lenye alama ya halali au lenye maganda ya mimea, na muulize mfamasia. Tunasoma viungo vya keki ya harusi mstari kwa mstari, tusishindwe kusoma kopo la dawa.

Mtindi, dafu na karafuu

Mtu asituelewe vibaya: mtindi tunaupenda. Maziwa yametajwa kwa heshima katika Surat An-Nahl, na bibi zetu wamegandisha maziwa vizazi na vizazi. Kwa aliyeng'olewa jino, mtindi ni chakula kizuri hasa: ni laini, ni baridi, hautafunwi, una protini ambayo mwili unaihitaji kujenga nyama mpya, na kama haukupashwa moto baada ya kuganda, una bakteria hai wake mwenyewe. Unywe kama chakula, usiuwekee matumaini ya dawa.

Yazingatie haya. Maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yagandishwe, kwa sababu maziwa mabichi huweza kubeba bruselosisi na maradhi mengine. Usijaze sukari, kinywa chenye jeraha hakihitaji sukari ya ziada. Na kama dawa uliyopewa ni doksisiklini au siprofloksasini, usiinywe pamoja na mtindi wala maziwa, kwa sababu kalsiamu huishika dawa isiingie mwilini vizuri. Muulize mfamasia uziachanishe kwa saa ngapi. Amoksilini haina shida hiyo.

Kunywa kwa kikombe au kijiko. Mrija hapana, hata wa dafu, hata ukiwa Forodhani na umekwishalipia. Kule kunyonya kunavuta bonge la damu. Urojo nao usubiri: ni moto, una pilipili na ndimu, na vile vichipsi vya muhogo hupenda kujificha shimoni. Badala yake kuna uji wa mchele uliopoa, viazi vya kuponda, ndizi mbivu, mayai laini, na bokoboko lililopigwa vizuri bila pilipili.

Karafuu ni fahari yetu, na ni kweli mafuta yake yana yujinoli, ambayo madaktari wa meno huitumia katika dawa wanayoweka kwenye shimo kavu. Lakini wao wanapima. Mafuta makali ya karafuu ukiyamimina mwenyewe kwenye jeraha yanaunguza nyama, na karafuu ya kusagwa inabaki shimoni kama mchanga. Muachie daktari.

Baada ya saa 24 za mwanzo, sukutua taratibu kwa maji vuguvugu yaliyotiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye gilasi, hasa baada ya kula. Yaache yazunguke kinywani, kisha yaachie yatoke yenyewe, usiteme kwa nguvu.

Tunavyoshauri

Kwa wanaoandaa harusi, kalenda yetu ni hii.

- Miezi mitatu kabla: nenda ukachunguzwe meno. Kama kuna gego la kuondolewa, liondolewe sasa.
- Wiki nne kabla: huu uwe mpaka wa mwisho wa kung'oa jino kwa hiari. Likikuuma baada ya hapo, mwone daktari. Kama maambukizi yanataka litoke, litoke, kwa sababu usaha hausubiri harusi. Kama linaweza kutulizwa, mpange pamoja.
- Siku ya kung'oa: uma pamba kwa nusu saa au zaidi kama ulivyoelekezwa. Weka barafu iliyofungwa kitambaa shavuni kwa vipindi, lala kichwa kikiwa juu ya mto, usifanye kazi nzito, na usiingie kwenye joto la kufukizwa wala singo siku hiyo.
- Dawa ya maumivu: parasetamoli, au ibuprofeni kama daktari amekuruhusu. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ujauzito aulize kwanza.
- Rudi kwa daktari kama maumivu yanazidi baada ya siku ya pili, kinywa kinanuka vibaya, au una homa. Nenda hospitali mara moja kama damu haisimami hata baada ya kukandamiza kwa saa moja, uvimbe unashuka shingoni, au unashindwa kumeza au kupumua.

Na probiotiki? Kama umeandikiwa antibiotiki kwa sababu ya kweli, tumbo lako lina tabia ya kuvurugika, na fedha unayo, muulize daktari akutajie aina. Kama fedha huna, usikope kwa ajili ya kopo hilo. Hujapungukiwa na kitu. Mwenye kinga dhaifu asiitumie bila idhini ya daktari kabisa.

Neno letu la mwisho ni kwa masomo, makungwi na mama zetu. Mwari anapong'olewa jino, mpeni siku tatu. Asiitwe kupima nguo, asikalishwe wageni wamwone, asiambiwe "vumilia, wenzio wamezaa". Mwili aliopewa ni amana, na sisi tunaomwandaa tumeshika amana hiyo pamoja naye. Tunamfundisha kumtunza mume kwa wiki nzima, na tumfundishe pia kusema "ninaumwa" bila kuona haya, na sisi tumsikilize anaposema.

Allah awaponye wagonjwa wetu, azibariki ndoa za msimu huu, na aweke baina ya kila mume na mke mapenzi na huruma. Amin.